Njia ya Kuwa Wakili

Wanafunzi wengi wa shule yetu hapa Mbezi Beach wameniuliza katika somo la Uraia: je, mtoto wa mvuvi au wa mama lishe aweza kuwa wakili, au kazi hiyo imewekewa watoto wa wakubwa? Wazazi nao huuliza jambo hilohilo. Nimeona yafaa nijibu hapa ili wote wasome.

Kwanza, tukumbuke tulikotoka. Zamani za ukoloni, Mwafrika wa Tanganyika aliyetaka digrii ya sheria hakuwa na chuo cha kuisomea katika Afrika Mashariki nzima. Ilimpasa kuvuka bahari, na mwenye nauli alikuwa mmoja katika maelfu. Kwa hiyo mawakili wengi walikuwa Wazungu na Wahindi. Oktoba 1961 Chuo Kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kitivo cha kwanza, tena cha pekee, kilikuwa cha Sheria. Wanafunzi walikuwa 14, na mwanamke alikuwa mmoja tu, Julie Manning. Baadaye mama huyo akawa jaji wa kwanza mwanamke nchini, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Wasichana wetu na walitafakari jambo hilo.

Siku hizi njia ina milango mitatu. Wa kwanza ni digrii ya sheria. Mwanafunzi huingia kwa ufaulu mzuri wa Kidato cha Sita, lakini asiyefika huko asikate tamaa: aweza kuanza na cheti, kisha stashahada, kwa mfano katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto, ndipo aombe kusoma digrii.

Mlango wa pili ni Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Ipo Sinza, kando ya Barabara ya Sam Nujoma. Kutoka kwetu ni kupita Mwenge tu. Lakini ukaribu wa barabara si wepesi wa mtihani. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya wanafunzi 633. Waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 waliondolewa masomoni. Nchi nzima ilishtuka, na Waziri akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza sababu zake.

Mlango wa tatu ni kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu na kuandikwa katika orodha ya mawakili.

Sasa, ni nani hukwama njiani? Kwa maoni yangu, hukwama zaidi wenye upungufu wa mambo mawili. La kwanza ni fedha. Digrii peke yake haimfanyi mtu wakili. Baada yake kuna ada nyingine, nauli na chakula. Wazazi wengi huhesabu gharama za chuo kikuu wakadhani wamemaliza. Bodi ya Mikopo imetoa mwongozo wa kuwakopesha hata wanaosoma taasisi hiyo, basi ulizeni mapema.

La pili ni lugha. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama, na hilo ni jema kwa mwananchi anayeshtakiwa. Hata hivyo, vitabu na hukumu nyingi za zamani zimeandikwa kwa Kiingereza. Asiyekisoma vema tangu Kidato cha Kwanza hujenga nyumba bila msingi.

Jambo hili si la wanaotafuta kazi tu. Mgogoro wa kiwanja au wa mirathi huweza kumfika kila mtu, na mnyonge huhitaji mtetezi anayeyajua maisha yake. Mawakili wakitoka nyumba za aina moja tu, wengine watasemewa na watu wasiowajua.

Basi, wanafunzi, jibu langu ni ndiyo, mwaweza. Someni Kiingereza na Kiswahili kwa bidii, jiungeni na midahalo, na zoeeni kusoma maandishi marefu hadi mwisho. Nanyi wazazi, wekeni akiba ya milango yote mitatu.