Je, saa ya mkononi yaweza kupima usingizi?

WATU wengi mijini siku hizi huamka asubuhi na, kabla hata ya kunawa uso, hutazama saa ya kisasa waliyolala nayo mkononi ili iwaeleze walivyolala. Huambiwa muda waliolala, dakika za usingizi mzito na za usingizi wa ndoto. Wengine hupewa hata alama, kama mwanafunzi aliyetoka kufanya mtihani.

Je, takwimu hizo ni za kuaminika? Baadhi ni za kuaminika, nyingine ni makisio tu. Yafaa uzitofautishe, kwani kuna mgonjwa anayeambiwa na saa kwamba yu mzima, na kuna aliye mzima anayejitia ugonjwa kwa sababu ya saa.

Usingizi hupimwaje?

Usingizi ni shughuli ya ubongo. Hospitalini, anayepimwa hulala usiku kucha akiwa amebandikwa nyaya ndogo kichwani, kando ya macho na kidevuni. Nyaya hizo hunasa umeme wa ubongo, mwendo wa macho na kulegea kwa misuli. Pumzi, mapigo ya moyo na kiwango cha oksijeni katika damu pia hupimwa. Upimaji huu huitwa polisomnografia.

Saa yako haina nyaya hizo. Ina kifaa kinachotambua mkono unapotikisika, na taa ndogo, aghalabu ya kijani, inayomulika ngozi ili kufuata damu inavyopita kila moyo unapopiga. Kutokana na mambo hayo, programu hukisia ubongo unafanya nini.

Hapo ndipo kosa huingia. Ukijilaza kitandani umetulia tuli, macho makavu, ukiwaza karo ya watoto na kodi ya nyumba, saa huenda ikaandika kwamba umelala.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kulinganisha kifaa cha Fitbit Charge 2 na polisomnografia. Wakati watu walipokuwa wamelala kweli, kifaa kilipatia kwa asilimia 96. Walipokuwa macho, kilipatia kwa asilimia 61 tu. Kuhusu usingizi mzito, kilipatia kwa asilimia 49, yaani chini ya nusu. Aina mpya zimetoka tangu wakati huo, lakini kumtambua mtu aliye macho bila kujitikisa bado ni kazi ngumu kwa vifaa vya mkononi.

Hatari mbili

Hatari ya kwanza ni kupuuza maradhi. Mtu mwenye apnia hukoroma, koo lake huziba na pumzi hukatika kwa sekunde kumi au zaidi, mara nyingi kwa usiku mmoja. Maradhi haya huandamana na shinikizo la damu na huongeza hatari ya ajali barabarani kwa sababu ya kusinzia. Saa yaweza kumhesabia mtu huyo muda wa saa nane za kulala. Ni kweli kwamba mwaka 2024 Marekani iliidhinisha baadhi ya saa za Samsung na Apple kutoa tahadhari kuhusu apnia. Hata hivyo, tahadhari si uchunguzi wa daktari, na saa ikinyamaza si thibitisho kwamba huna ugonjwa.

Hatari ya pili ni wasiwasi. Mwaka 2017, Kelly Baron na wenzake nchini Marekani walieleza habari za wagonjwa waliohangaishwa na takwimu za vifaa vyao. Mmoja wao alipimwa hospitalini, akaonekana amepata usingizi mzito, lakini bado aliuliza mbona kifaa chake kinasema analala vibaya. Hali hiyo waliiita othosomnia. Mtu hukosa usingizi kwa kuutafuta mno.

Ufanye nini?

Itumie saa kujua unapanda kitandani na kuamka wakati gani, na utazame mwenendo wa majuma kadhaa badala ya usiku mmoja. Mtu mzima anahitaji kulala angalau muda wa saa saba. Takwimu za usingizi mzito zisikunyime raha. Zikikutia wasiwasi, vua saa hiyo usiku kwa majuma mawili.

Kisha jiulize: Je, mchana nasinzia ndani ya matatu, kazini au nikiendesha gari? Naamka na maumivu ya kichwa? Na umuulize anayelala nawe chumbani kama unakoroma au unakatika pumzi. Yeye ni shahidi bora kuliko saa.

Ukiona dalili hizo, au ukikosa usingizi mara kwa mara kwa miezi mitatu, mwone daktari hata kama saa imekupa alama za juu.