Pima Kwanza, Pistoni Baadaye

Ndugu msomaji, gari likitoa moshi wa buluu na kumaliza oili, huenda ringi zimekwisha au silinda zimelika. Gari likilala, mazao ya Bugwema hayafiki Musoma, na mgonjwa hupata taabu ya usafiri. Lakini tusikimbilie pistoni ya bei ndogo. Tufanye hivi:

1. Fundi apime silinda juu, katikati na chini. Kama imelika sana, itachongwa.

2. Soma kipimo kwenye pistoni au boksi lake. STD ni saizi ya kiwandani. 0.50 imezidi hiyo kwa nusu milimita.

3. Nunua pistoni kabla ya kuchonga. Silinda ichongwe kufuata pistoni.

4. Pistoni zote ziwe za aina moja na uzito sawa. Ringi ziwe mpya.

Kwa nini? Pistoni ikipata moto hutanuka. Ikibana mno, hukwama na kukwaruza silinda. Ikilegea, hugonga, na injini hula oili. Hapo utalipa fundi mara mbili.

Ndugu, kusoma umekwisha kujifunza. Basi soma na namba ya pistoni kabla hujatoa fedha yako.