Kabla ya Kumnunulia Kopo Mtoto Anayetibiwa Saratani

Kutoka Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambako watoto wengi wenye saratani hutibiwa, hadi Kariakoo ni mwendo mfupi. Mzazi aliyeelezwa kuwa mwanawe amepungukiwa lishe huweza kufika sokoni siku hiyohiyo, akiwa na fedha chache na hofu nyingi.

Upungufu huo hautokani na uzembe wake. Saratani hubadili namna mwili unavyotumia chakula, nazo dawa huleta kichefuchefu, vidonda vya mdomo na ladha isiyoeleweka. Mtoto aliyedhoofika huzistahimili dawa kwa shida, na pengine dozi huahirishwa. Mzani nao hudanganya: uvimbe mkubwa wa figo huongeza kilo ilhali misuli inakwisha. Ndiyo sababu wahudumu hupima mzingo wa mkono wa juu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali.

Muuzaji atasema kopo lake "linaongeza damu". Lakini asidi ya foliki, iliyo njema kwa wengi, huweza kupunguza nguvu ya methotrexate, dawa ya saratani ya damu. Vitamini A ikizidi huumiza ini. Mtoto aliyeongezewa damu mara nyingi huenda tayari ana madini ya chuma kupita kiasi. Mwonyeshe daktari kopo kabla ya kulifungua. Bora zaidi, muulize kabla ya kulinunua, kwa kuwa bei yake mara nyingi hutosha trei ya mayai na nauli.

Unga wa lishe unaopimwa kutoka gunia wazi una hatari yake. Mahindi na karanga zisizokaushwa vyema huota ukungu wenye sumukuvu, isiyoondolewa kwa kupika uji. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Nunua uliofungwa, wenye alama ya ubora ya TBS, anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Mayai yaliyoiva kabisa, maharage, dagaa na uji uliotiwa mafuta, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, humfaa mtoto asiyekatazwa na daktari. Juisi ya miwa ya barabarani na kachumbari visubiri kinga irejee.

Bidhaa inayodai kutibu saratani usiitupe. Ihifadhi pamoja na risiti, kisha toa taarifa TMDA. Ikiwa ni chakula, TBS.