Rufaa Iliyoishiwa Mgogoro

Mtu amehukumiwa kifungo cha miezi 6. Amekata rufaa, lakini kabla rufaa haijasikilizwa amekwisha maliza kifungo na kurejea nyumbani. Je, mahakama imsikilize au iiondoe rufaa yake? Katika sheria ya Marekani hali hii ina istilahi yake mahsusi, nasi tumeona ikifasiriwa kwa namna tatu, zote zenye kasoro.

"Rufaa iliyopitwa na wakati" humfanya karani adhani kwamba mrufani alichelewa. Hiyo ni rufaa iliyo nje ya muda, nalo ni kosa la mrufani mwenyewe. "Rufaa batili" haifai, kwani siku ilipowasilishwa ilikuwa halali kabisa. Ama "rufaa mfu", tungependa iachiwe ile inayokoma kwa sababu mrufani amefariki.

Kwa mujibu wa Ibara ya 3 ya Katiba ya Marekani, mahakama za shirikisho huamua mashauri na migogoro ya kweli tu, wala hazitoi ushauri. Mgogoro ukiisha njiani, mamlaka ya mahakama huisha pamoja nao, hata kama mrufani alikuwa na hoja nzito. Ndiyo maana twapendekeza "rufaa iliyoishiwa mgogoro", na dhana yenyewe iitwe "kwisha kwa mgogoro".

Lakini ugumu mkubwa zaidi umo katika neno ambalo hakuna alishukuye: hukumu. Kwetu neno hili hubeba uamuzi wote wa hakimu, na magazeti hulitumia kwa adhabu peke yake. Katika mada hii mchanganyiko huo hugeuza sheria. Katika shauri la Sibron dhidi ya New York, mwaka 1968, mrufani alikuwa amekwisha tumikia miezi yake 6. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kusema kwamba mgogoro umekwisha, kwa kuwa alipinga kutiwa hatiani, na hatia humfuata mtu nje ya gereza: yaweza kumwondolea haki ya kupiga kura, kumfukuzisha nchini akiwa mgeni, au kumzidishia adhabu akishtakiwa tena. Mwaka 1971, katika shauri la North Carolina dhidi ya Rice, mahakama hiyo hiyo ilipambanua kwamba kudai adhabu iliyokwisha tumikiwa irekebishwe ni jambo jingine. Hapo hatia haiguswi. Swali ni kama kuipunguza adhabu kungali na faida yoyote kwake. Aliyetoka gerezani lakini yungali chini ya uangalizi, kwa mfano, mahakama nyingi za rufaa za shirikisho humsikiliza, maana muda wa uangalizi waweza kupunguzwa.

Mfasiri aandikaye "rufaa dhidi ya hukumu" amemficha msomaji jambo ambalo kwalo mtu husikilizwa au hufungiwa mlango. Na iandikwe "rufaa ya kupinga hatia" au "rufaa ya kupinga adhabu". Na mrufani akipinga zote mbili, zitajwe zote mbili, ijapokuwa sentensi itarefuka.