Kwa nini mlima wa Gihundwe haupunguzi kitambi

Maji ya Ziwa Kivu yako mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa ndege wa Kamembe, kule juu, uko karibu mita 1,580. Katikati ya hapo ndipo maisha ya watu wa Gihundwe, nchini Rwanda, na majirani zao yanapopita, na maisha hayo ni kupanda na kushuka: mama mwenye beseni la samaki wadogo wa sambaza kichwani, mwanafunzi anayewahi kengele, mchuuzi anayerudi kutoka Bukavu na mzigo wake baada ya kuvuka daraja la mto Rusizi. Mgeni aliyezoea mitaa tambarare ya Bujumbura au Dar es Salaam hupanda mara moja tu, akasimama kuhema, kisha akauliza swali la haki kabisa: watu wanaotembea namna hii, kitambi wanakitoa wapi?

Maana kitambi kipo. Utafiti wa kitaifa wa Rwanda kuhusu idadi ya watu na afya wa 2014-15 ulikuta asilimia 21 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Uliporudiwa mwaka 2019-20, walikuwa asilimia 26. Na wengi wa hao hawakukaa tu wakisubiri. Wameacha chakula cha jioni, wamekunywa maji ya ndimu na tangawizi kabla ya jua kuchomoza, wamekata wanga kwa mwezi mzima, wamepungua, wakasifiwa, halafu kilo zikarudi na nyongeza juu.

Tuanze na mlima wenyewe, kwa kuwa hesabu yake ni rahisi. Mtu wa kilo 70 akiunyanyua mwili wake mita 120 kwenda juu, anafanya kazi ya kilojuli 82 hivi. Misuli si mashine bora sana: karibu robo tu ya nishati inayotumia huwa kazi, nyingine hupotea kama joto. Kwa hiyo kupanda huko kunamgharimu takribani kalori 80 zaidi ya ambazo angetumia kutembea umbali uleule mahali tambarare. Andazi moja la kawaida, lililotoka kwenye mafuta, lina mara mbili ya hizo. Amepanda kwa nusu saa akitoka jasho, na akifika stendi akanunua andazi na chai ya maziwa, deni limeshalipwa na chenji imebaki.

Kuna jambo la ajabu zaidi, na lilipimwa hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kazi yao kwa Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ambao huwinda, hurina asali na kuchimba mizizi. Waliwapa maji yenye isotopu zisizo na madhara, kisha wakapima mkojo kwa siku kadhaa ili kujua mwili umeunguza nishati kiasi gani. Wanaume wa Kihadza hutembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Kila mtu alitegemea waonekane wanaunguza nishati nyingi kuliko karani wa Marekani anayeshinda kwenye kiti. Haikuwa hivyo. Ukizingatia ukubwa wa mwili, tofauti haikuonekana. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili unaotumia nishati nyingi miguuni hubana matumizi kwingine, kwenye kazi za ndani zisizoonekana. Wanasayansi bado wanabishana ni kiasi gani hubanwa, lakini ujumbe kwa mtu wa Gihundwe uko wazi: miguu yake imeshafanya sehemu yake. Tofauti kati yake na jirani yake mwembamba aitafute kwenye sahani.

Hapo ndipo wengi hukimbilia njaa, na njaa ina mpinzani. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman huko New York. Kazi yake ni kuuambia ubongo akiba iko kiasi gani. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, na ubongo hufanya kama mtunza ghala aliyeona magunia yanaisha: hupunguza kinachotoka na kudai zaidi kinachoingia. Hauna habari kwamba umejipunguza kwa hiari ili gauni la harusi likukae. Unajua njaa tu.

Ukali wa mtunza ghala huyo umepimwa. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake nchini Marekani waliwafuatilia watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito. Kwa wiki 30 walikuwa wamepungua wastani wa kilo 58. Miaka sita baadaye, kilo 41 kati ya hizo zilikuwa zimerudi, na bado miili yao, hata ikiwa imepumzika, ilikuwa inaunguza kalori 500 hivi kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Mwaka huohuo Hall alishiriki katika hesabu nyingine, safari hii kwa wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakitumia dawa inayotoa sukari kwa njia ya mkojo. Walikuwa wanapoteza kalori bila kuzihisi. Ikaonekana kwamba kwa kila kilo moja aliyopungua mtu, hamu yake ya kula ilipanda kwa kalori 100 hivi kwa siku. Aliyepungua kilo kumi, basi, anaamka kila asubuhi na hamu ya kalori 1,000 zaidi ya zamani. Kumwita mtu huyo mlafi ni kukosa haya.

Na huku kwetu ana mzigo wa pili. Akipungua haraka, mtaa mzima unamuuliza kama anaumwa. Mashavu yakijaa anaambiwa amenawiri.

Sasa sahani. Ingia mgahawa wowote wa mchana karibu na soko la Kamembe uagize melanji. Unalipia sahani moja, unapakua mwenyewe, mara moja tu, na nyama au samaki anakugawia mhudumu kwa hesabu. Sharti hilo la mara moja limezaa ufundi wa ajabu. Mtu huanza na wali kama msingi, akauzungushia ndizi za kupika ili ziwe ukuta, akaweka chipsi, akafunika na tambi, mihogo ikapata kona, kisha maharage yakamwagwa juu yakitafuta pa kupenya. Mboga za majani, dodo au sombe, huja mwisho, kijiko kimoja, kwa kuwa nafasi imekwisha. Nimeona sahani za namna hiyo zikibebwa kwa mikono miwili. Wanga wa aina tano, na mboga kama pambo.

Wala wanga si mchawi. Kosa ni mpangilio, na mafuta. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Sydney, Australia, waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo cha kalori 240, wakawauliza kila baada ya robo saa, kwa saa mbili, wamejisikiaje. Mkate mweupe ulipewa alama 100 kuwa kipimo cha kulinganishia. Viazi mviringo vya kuchemsha vilipata 323, vikaongoza vyote. Samaki alipata 225. Na chipsi, ambazo ni viazi vilevile vilivyopita kwenye mafuta? 116. Kiazi kilichotoka Musanze kwa lori kinaweza kuwa chakula kinachoshibisha kuliko vyote vilivyopimwa, au kikawa karibu sawa na mkate, na kilichobadilika katikati ni karai. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120 hivi, mafuta yakiwa ya alizeti au ya mawese au yaliyoandikwa kwenye chupa kwamba hayana kolestro. Mpishi anayemimina kutoka kwenye chupa kwa mkono hajui ameweka vijiko vitatu au vinane, na ulimi wako haujui pia.

Maharage yanastahili heshima kubwa kuliko ile yanayopewa. Wanyarwanda ni miongoni mwa watu wanaokula maharage mengi zaidi duniani, na wanaopata pesa kidogo huanza kuyaona chakula cha shida. Ndani yake mna protini na nyuzinyuzi pamoja, na vitu hivyo viwili ndivyo vinavyochelewesha njaa ya saa kumi jioni. Nyuzinyuzi zenyewe zina historia ya kwetu. Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Kenya kisha katika hospitali ya Mulago, Kampala, hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, alijulikana kwanza kwa kuandika juu ya kwashiakoo, utapiamlo wa watoto. Mwaka 1956 aliandika kuhusu Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, kwa kuwa lilikuwa jambo geni kiasi cha kuandikiwa. Yeye na Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji Mulago, baadaye waliutangazia ulimwengu kwamba chakula chenye nyuzinyuzi nyingi walichokiona Uganda kilikuwa sehemu ya maelezo. Si kila walichodai kimesimama. Hili la nyuzinyuzi limesimama.

Jaribio la karibuni zaidi limetoka Kilimanjaro. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha kazi ya watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi, waliowashirikisha vijana wa kiume 77 katika jaribio la kubadilisha chakula. Waliozoea chakula cha kijijini, kama ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa, walipewa kwa wiki mbili chakula cha kisasa, cha kukaangwa na kilichosindikwa. Wa mjini walipewa cha kijijini. Damu za kundi la kwanza zilionyesha dalili za uvimbe wa ndani zikipanda, na seli za kinga zikajibu vijidudu kwa ulegevu. Kundi la pili lilikwenda upande mwingine. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Halikuwa jaribio la kupunguza uzito, na lilihusu wanaume tu, lakini linaondoa kisingizio kimoja: huhitaji kuagiza unga wa mbegu za kigeni Kigali. Chakula kilichofanya kazi Moshi ni kile ambacho bibi wa Gihundwe anapika bila kuambiwa.

Vinywaji nitavitaja haraka. Chupa ya bia ya Primus ya sentilita 72 ina kalori 300 hivi, na haishibishi. Fanta na vijiko vitatu vya sukari kwenye chai viko kundi hilohilo. Hapa sina ushauri wa kijanja. Ni kupunguza.

Wanaofanikiwa kubaki wamepungua wapo, na wamefuatiliwa. Mwaka 1994 Rena Wing na James Hill walianzisha daftari la Wamarekani waliopungua angalau kilo 13.6 wakakaa hivyo kwa mwaka au zaidi. Njia walizotumia kupungua ni nyingi mno. Katika kubaki huko ndiko wanakofanana: wengi hula kifungua kinywa, hujipima uzito mara kwa mara, hutembea au kufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku, na hula Jumamosi kama walivyokula Jumanne. La mazoezi halipingani na Wahadza: mwendo ni dhaifu katika kuondoa kilo, ila unaonekana kusaidia kuzizuia zisirudi, mbali na kheri yake kwa moyo. La Jumamosi ndilo gumu huku, kwenye brosheti, ubatizo, na harusi ambayo mchango wake umeshautoa.

Lengo nalo lishushwe. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2002 wa kuzuia kisukari uliwataka watu waliokuwa hatarini wapunguze asilimia 7 tu ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 85 hiyo ni kilo sita. Kwa karibu miaka mitatu, waliougua kisukari walipungua kwa asilimia 58 kulinganisha na waliopewa kidonge bandia. Metformini, dawa ya kweli, ilipunguza kwa asilimia 31. Kilo nyingi zilirudi baadaye. Kinga haikuisha yote, miaka kumi baadaye ilikuwa bado inaonekana.

Kuna jambo moja linaloufanya ushauri wa kula kidogo uwe hatari ukitangazwa kwa kipaza sauti. Utafiti uleule wa 2019-20 ulioonyesha asilimia 26 ya wanawake wenye uzito uliozidi ulionyesha pia kwamba asilimia 33 ya watoto wa Rwanda chini ya miaka mitano wamedumaa. Mara nyingine mama huyo na mtoto huyo wanakula nyumba moja. Hapo sambaza husaidia pande zote mbili. Samaki hao wadogo, walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huliwa na mifupa yao, kwa hiyo hubeba protini na kalsiamu kwa bei ya watu wa kawaida. Za mama zichemshwe na nyanya na dodo, mafuta yapimwe kwa kijiko. Za mtoto wa mwaka mmoja na nusu zikaushwe, zisagwe, zichanganywe kwenye uji wake, na hapo kijiko cha mafuta kiongezwe bila woga: tumbo lake ni dogo, na uji mtupu hulijaza kabla haujampa nishati anayohitaji.