Balozi Mwenye Biashara Yake

Kwetu Goziba, mwenye mtumbwi, injini na nyavu tunamwita tajiri. Anakukopesha petroli, wewe unamuuzia samaki yeye tu, kwa bei yake. Likizo iliyopita ubishi mwaloni ulikuwa huu: tajiri akigombea uongozi, apewe? Wengi walisema apewe, maana aliyeshiba haibi. Mimi nikamkumbuka Richard Waters, ambaye habari zake nilizisoma kwenye kozi ya historia.

Kwanza mkataba. Mwaka 1833 Edmund Roberts, mfanyabiashara wa New Hampshire aliyetumwa na Rais Andrew Jackson, alikubaliana na Sayyid Said huko Muscat: Wamarekani wauze na kununua kwa uhuru katika bandari zake, ushuru asilimia 5, basi. Roberts mwenyewe alishafanya biashara Zanzibar miaka michache kabla, akaondoka ananung'unika kwamba soko limebanwa.

Mwaka 1837 akaja Waters, kutoka Salem, Massachusetts, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar. Ubalozi wenyewe haukuwa na mshahara, kwa hiyo aliendelea na biashara. Forodha nayo Sayyid aliikodisha kwa Jairam Shivji, Mhindi aliyekusanya ushuru huku naye akifanya biashara zake. Hao wawili wakaelewana. Mzigo wa Waters ulipita mikononi mwa Jairam, na meli nyingine za Wamarekani zikifika, zinakuta sandarusi na pembe za ndovu zina mwenyewe tayari. Wenzake wakalalamika sana. Lakini jamani, Mmarekani mwenye shida Zanzibar alitakiwa kumwona nani? Balozi. Yaani Waters yuleyule!

Na hakuwa mtu mbaya kihivyo. Alikuwa mcha Mungu, na shajara yake inaonyesha utumwa ulimuumiza roho. Pembe aliendelea kununua, ingawa nyingi zilifika pwani mabegani mwa wapagazi, wengine wao watumwa. Mwaka 1844 akarudi kwao akiwa na mali.

Ndiyo maana hoja ya kushiba hainiingii. Waters hakuhitaji kuvunja kasha la mtu. Mkataba ulitaja asilimia 5, haukutaja mzigo wa nani ushughulikiwe kwanza. Ningemuuliza mgombea swali moja tu: malalamiko ya bei ya samaki yakiletwa, atayasikiliza nani?

Meli za Salem zilileta hasa kitambaa cha pamba, ndicho watu wakakiita merikani. Kilisafiri na misafara kupitia Tabora mpaka Kafuro, kituo cha wafanyabiashara wa pwani huko Karagwe, karibu na ikulu ya Rumanyika pale Bweranyange. Huko kilikuwa kama fedha: unapima kwa mkono, unatoa pembe. Mkagera aliyetoa pembe hakujua forodha ya Unguja imekodishwa kwa nani.