MAFURIKO YA KILOSA NA KIMBUNGA CHETU



Yamkini wengine wenu watashangaa kuona ukurasa wa wakulima wa karafuu ukiwapeleka Kilosa, mji ulio zaidi ya kilomita 200 kutoka pwani. Twaomba mtuvumilie kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe twalijua sana hapa visiwani, ila sisi lilitujia kwa upepo na wenzetu likawajia kwa mto.

Kila mwenye shamba Unguja amesikia khabari za kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872, zama za Seyyid Barghash. Upepo ule uling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, na merikebu zikavunjikia bandarini. Mkarafuu, kama mjuavyo, mizizi yake haishuki sana na matawi yake huvunjika upesi. Pemba haikuguswa sana. Bei ya karafuu ikapanda, na aliyekuwa na miti Pemba akaona neema, na asiyekuwa nayo akapanda haraka. Huko ndiko uongozi wa karafuu ulikohamia. Wala tusisahau kuwa miche ile haikujipanda yenyewe: wengi walioichimbia mashimo walikuwa watumwa, hawakuulizwa wala hawakupata mavuno.

Ama yule wa Unguja aliyeangukiwa na shamba, taabu yake haikwisha upepo ulipotulia. Mche wa mkarafuu wataka miaka kama sita au minane kabla ya kuzaa kitu cha maana, na wakati wote huo mtu ale, avae, na alipe deni ikiwa alikopa kwa kuweka shamba rehani. Kibanda chaweza kusimamishwa kwa wiki moja, lakini mti haujui haraka.

Sasa tuitazame Kilosa. Mji umekaa kandokando ya mto Mkondoa, nao Mkondoa hauanzii hapo. Maji yake hutoka mbali, upande wa Dodoma na Mpwapwa, yakipita katika mto Kinyasungwe, kisha hujipenyeza kati ya milima kupitia Kidete na kushuka mpaka Kilosa, na mwisho wake huingia Wami. Kwa hiyo mtu wa Kilosa aweza kulala chini ya mbingu safi, na usiku akaamshwa na mvua iliyonyesha kwa wengine. Na vilima vya juu vikiwa vimekatwa miti, au vimelimwa na kuchungwa mpaka vikabaki vitupu, mto hauji na maji peke yake. Hujaza mchanga na tope, kitanda chake kikapanda, na mvua ya kawaida ikatosha kuuvua kingo.

Mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010 mto ulivunja tuta lililokuwa likiukinga mji. Maelfu ya watu walikosa makazi. Reli ya kati, ambayo hapo hufuata bonde la mto, ilisombwa katika sehemu nyingi, na safari za treni zikasimama kwa miezi kadhaa. Mahema yalifika, na chakula, na askari wa kusaidia. Kisha Januari 2014 maji yalirudi upande wa Dumila na Magole, na barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika darajani. Tangu hapo misimu mibaya imekuja tena.

Watu wa mafuriko waliambiwa wahamie pahali pa juu, na hapana shaka neno hilo lina akili. Lakini mkulima ana nyumba na ana shamba, na hivi viwili si kitu kimoja. Udongo mzuri uko bondeni, kwa kuwa mafuriko ya zamani ndiyo yaliyouleta. Umpe kiwanja kilimani na jembe lake libaki kando ya Mkondoa, naye atashuka kila alfajiri. Na siku ya kuchoka atajenga kibanda cha kulindia mahindi, na kibanda kitakuwa nyumba. Watu wa mjini husema huu ni ukaidi. Sisi wenye mashamba hatuthubutu kusema hivyo. Ni nani kati yetu angekubali kuhamia mahali ambapo hawezi kuisikia mikarafuu yake usiku wa upepo?

Ukitoka Kilosa kwenda kusini, mwendo wa kilomita sabini na zaidi, wafika Mikumi, penye barabara kuu ya Iringa na mbuga ya wanyama iliyotangazwa hifadhi mwaka 1964. Humo mna bonde la Mkata. Masika ikikolea, ardhi yake nyeusi hugeuka tope hata gari halipiti, na maji hutandaa yatakavyo. Hakuna anayeomboleza, kwa kuwa hapana aliyejenga hapo; majani huota, nyati na pundamilia wakashiba. Ni maji ya namna moja na yale ya Kilosa, nayo huelekea Wami vilevile. Bonde limeachiwa nafasi yake.

Twaona basi kwamba tuta lafaa kujengwa, na lijengwe imara, lakini kazi iliyo kubwa iko juu kwenye vilima, kwa watu ambao hawafikiwi na mafuriko na pengine hawana sababu ya kupanda mti kwa ajili ya jirani wasiyemjua. Nani awalipe? Hatujaona jibu linaloturidhisha. Na kwa aliyekwisha kupatwa, msaada wa mwezi wa kwanza hufika hata kwa kuchelewa. Unaokosekana ni wa mwaka wa pili, wa mbegu, wa mkopo ambao mwenye kudai akubali kungoja.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilisogea mpaka karibu na Mafia kabla ya kupungua nguvu. Safari hiyo mikarafuu yetu ilisalimika. Kwa hiyo twaomba kila tawi litazame vitalu vyake kabla ya masika: ni miche mingapi iliyo tayari, na iko katika mashamba mangapi tofauti, isije ikawa yote imekaa chini ya mwembe mmoja. Na mwanachama ambaye wazee wake walimwachia khabari za mashamba yaliyopandwa upya baada ya 1872, mahali gani na kwa fedha ya nani, atuletee ofisini. Tutazichapa.